Programu Huria kwa Ofisi za Vyama: Tuliyoyaona Tukuyu



Katika kikao cha kamati cha karibuni lilizuka suali ambalo halikupata jawabu siku ile, nalo ni hili: kompyuta tatu za ofisi yetu zifanywe nini? Zote tatu zaendeshwa na Windows 10, na ulinzi wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine hazikufa siku ile. Lakini zimekuwa kama nyumba ambayo fundi wake ameacha kuziba nyufa: yakalika leo, ila kila masika yana hatari yake. Na mbili kati ya hizo tatu ni za zamani mno, haziwezi kupokea Windows 11.

Wajumbe walitoa rai tatu. Wa kwanza walisema tununue mashine mpya pamoja na leseni zake, fedha zitoke katika michango ya mwaka. Wa pili walisema tumwite kijana wa mtaani atutilie programu za kunakiliwa, kama wafanyavyo wengi. Wa tatu, nao walikuwa wachache, walisema wamesikia kuna programu ziitwazo huria, ambazo chama chaweza kuzitumia kwa haki na bila ya kulipa leseni. Kamati ikatuagiza tuchunguze rai hii ya tatu, kisha tuwaarifu wanachama wote kabla ya Mkutano Mkuu. Makala haya ndiyo jawabu letu.

Ilisadifu kwamba tulikuwa na safari ya Mbeya kwa shughuli nyingine za chama, na tulikwisha kusikia kwamba katika wilaya ya Rungwe wako wakulima wanaotumia programu za namna hiyo. Basi tukafika hadi Tukuyu.

Wanachama wasiopata kufika huko wajue kwamba Tukuyu iko kusini ya Mbeya, mwendo wa kama kilomita 70, katika njia iendayo Kyela na Ziwa Nyasa. Wajerumani waliuita mji huo Neu Langenburg. Ni nchi ya milima na baridi, chini ya Mlima Rungwe, na mvua yake ni nyingi hata sisi tuliozoea vuli na masika tulistaajabu. Migomba imejaa kila upande, na baina yake mashamba ya chai, viazi, kahawa na maparachichi. Karafuu hazipo. Lakini mambo ya mkulima mdogo ni yale yale tuyajuayo: kila mmoja ana kishamba chake, mazao yote hupitia mizani moja, na mwisho wa mwezi kila mtu ataka kujua kilo zake zilikuwa ngapi, alikatwa nini, na amebakiwa na kiasi gani.

Wakulima wa huko si wageni katika mambo ya vyama. Katika miaka ya 2000 wakulima wadogo wa chai wa Rungwe waliungana katika chama chao, wakapata sehemu ya hisa katika kampuni ya Wakulima Tea, yenye kiwanda pale Katumba. Na chai haina subira. Karafuu yetu huanikwa juani siku kadhaa juu ya majamvi. Jani bichi la chai sharti lifike kiwandani siku ile ile lililochumwa. Kwa hivyo karani wa chai akikosea daftari leo, kesho hana la kupima tena. Jambo hili limewafundisha watu wa huko kuheshimu maandishi.

Ofisi tuliyoizuru si ya chai. Ni ya kikundi kidogo cha wakulima wa maparachichi na migomba, nasi hatutaitaja jina kwa kuwa walitupokea kama wageni wao, si kwa kuandikwa. Ni chumba kimoja chenye meza mbili na kompyuta mbili kuukuu, zilizonunuliwa zikiwa zimekwisha kutumika. Bibi karani alituwashia moja. Ilichukua muda kidogo, kisha ikafunguka sawasawa. Hapakuwa na Windows ndani yake, bali mfumo uitwao Linux Mint. Na jedwali la kilo za wanachama lilikuwa limeandikwa kwa programu iitwayo LibreOffice. Akaandika jina la mkulima, ukatoka mstari wake: tarehe, kilo, bei, makato, salio. Akapiga chapa stakabadhi mbili, moja ya mkulima na moja ya faili. Tukauliza leseni yake ni shilingi ngapi kwa mwaka. Akasema hawalipi leseni. Hulipa fundi anapokuja, na hulipa umeme.

Mweka hazina wao, mzee wa makamo, akaongeza neno ambalo twaona lafaa kuandikwa. Alisema kwamba jambo lililompendeza yeye si kupunguza gharama, bali kwamba siku karani akiondoka, daftari halitaondoka naye.

Sasa tueleze programu huria ni kitu gani, kwa kuwa jina hili huwachanganya watu.

Kila programu ya kompyuta huandikwa kwanza na binadamu, kwa maneno na alama ambazo mwandishi mwenziwe aweza kuzisoma. Hayo ndiyo maandishi yake ya asili. Kampuni nyingi hufunga maandishi hayo katika sanduku, zikauza ruhusa ya kutumia tu. Mnunuzi hapati kuyaona, hana ruhusa ya kuyabadili, wala kumpa jirani yake nakala. Programu huria ni kinyume cha hivyo. Maandishi yake yako wazi, na leseni yake humpa kila mtu haki nne: kuitumia kwa kazi yoyote, kuichunguza, kuigawa kwa wengine, na kuirekebisha.

Mfano ulio karibu nasi ni kisima cha wakfu. Aliyekichimba amekiweka kwa manufaa ya watu wote. Kila mtu huteka, na hapana awezaye kuja baadaye akakizungushia ua na kusema ni chake. Baadhi ya leseni za programu huria zimeandikwa kwa sharti hilo hilo: atakayeirekebisha programu na kuitoa kwa watu, sharti atoe na marekebisho yake kwa haki zile zile alizozipokea. Leseni mashuhuri ya namna hii, iitwayo GPL, ilitolewa mwaka 1989 na Richard Stallman wa Marekani, ambaye tangu 1983 alikuwa amekwisha kutangaza kazi ya kutengeneza mfumo mzima wa namna hiyo. Mwaka 1991 kijana Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, akaleta kiini cha mfumo kilichopewa jina la Linux. Ndicho hicho kiendeshacho zile mashine kuukuu za Tukuyu.

Bara letu la Afrika pia lina fungu lake katika habari hii. Mfumo wa Ubuntu, mmoja wa ile inayotumiwa sana katika jamaa ya Linux, ulianzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika ya Kusini, na toleo lake la kwanza lilitoka Oktoba 2004. Jina lenyewe ni neno la Kizulu na Kixhosa, maana yake utu. Wanyakyusa wa Rungwe humwita mtu umundu, kwa hivyo neno hilo si geni masikioni mwao, wala si geni kwetu tusemao mtu na utu.

Na Kiswahili nacho? Wako wanachama watakaosema: mambo haya ni ya Kizungu, karani wetu atayasomaje? Jawabu ni kwamba kazi ya kuyatia Kiswahili ilianzia hapa hapa Tanzania. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, idara ya sayansi ya kompyuta, uliundwa mradi wa Kilinux, ukisaidiwa na wataalamu na fedha kutoka Sweden. Mwishoni mwa 2004 mradi huo ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi zenye amri zake kwa Kiswahili. Mtaalamu wa Kenya, Jason Githeko, alitengeneza orodha ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili, ambayo hata leo humsaidia mwandishi wa barua kuona neno alilokosea. Kampuni ya kigeni haikungojewa ione faida ya soko letu kwanza. Maandishi yalikuwa wazi, na wenye lugha wakaingia kazini.

Habari ya OpenOffice yenyewe ina fundisho jingine kwa watu wa vyama. Programu hii ilitokana na kazi ya kampuni ya Kijerumani, StarDivision, iliyonunuliwa na kampuni ya Marekani, Sun, mwaka 1999. Mwaka uliofuata Sun ikayafungua maandishi yake. Mwaka 2010 Sun nayo ikanunuliwa na Oracle. Waandishi wengi wakaingiwa na wasiwasi juu ya nia ya mwenye mali mpya. Wangefanya nini? Programu ingekuwa ya kufungwa, wangekaa kimya na kungoja hukumu. Lakini kwa kuwa ilikuwa huria, Septemba 2010 walichukua maandishi yale yale, wakaunda jumuiya yao isiyo ya faida, The Document Foundation, wakaendelea na kazi kwa jina la LibreOffice. Shamba lilibadili mwenyewe, mbegu haikupotea. Toleo lile la Jambo limekuwa la zamani na halifai kuwekwa leo, lakini LibreOffice ina tafsiri ya Kiswahili, ingawa haijakamilika.

Visiwani kwetu pia programu za namna hii zimekwisha kutumika. Mfumo wa DHIS wa kukusanya takwimu za afya, uliozaliwa Afrika ya Kusini katika miaka ya 1990 na kukuzwa pamoja na Chuo Kikuu cha Oslo, ulianza kutumiwa na Wizara ya Afya ya Zanzibar mwaka 2005. Basi asiseme mtu kwamba twaletewa jambo lisilojulikana.

Tuje sasa kwenye kazi za ofisi yetu, moja moja.

Barua, mihutasari ya vikao na hati nyingine huandikwa kwa sehemu ya LibreOffice iitwayo Writer. Orodha ya wanachama, pishi za wachumaji, kilo za karafuu kavu na za makonyo, na hesabu ya mikopo ya msimu, hizo ni kazi ya Calc, ambayo ni ya majedwali. Hesabu za fedha zaweza kuwekwa kwa GnuCash, ambayo huandika kila shilingi pande mbili, ilikotoka na ilikokwenda, kama afanyavyo mhasibu aliyesoma. Barua pepe hupokewa kwa Thunderbird. Jarida hili lenyewe laweza kupangwa kwa Scribus, na picha zake kusafishwa kwa GIMP. Zote hizo ni huria. Na nyingi kati yake, pamoja na LibreOffice, huwekwa hata juu ya Windows, kwa hivyo mtu aweza kubadili programu za ofisi kwanza na kuuacha mfumo kwa baadaye.

Wanachama wapime na upande wa pili, kwa kuwa si haki kuwasifia bidhaa bila ya kuwaonyesha kasoro zake.

Kwanza, huria si sawa na bure. Leseni hailipiwi, lakini fundi hulipwa, mafunzo ya karani yana gharama yake, na kupakua programu kwa intaneti kwataka kifurushi. Pili, hati iliyoandikwa kwa Microsoft Word ikifunguliwa kwa LibreOffice huenda mistari ikasogea, khasa penye picha na majedwali. Na jedwali la Excel lenye amri nyingi za ndani huenda lisifanye kazi yote. Tatu, si kila mashine ya kupiga chapa inayokubaliana na Linux; sharti ijaribiwe kwanza. Nne, benki au mkaguzi huenda akataka faili za Excel. Hili lina dawa, kwa kuwa Calc yaweza kuhifadhi kwa namna hiyo, lakini karani sharti akumbuke.

Tena wako wakubwa waliojaribu kisha wakarudi nyuma. Mji wa Munich, Ujerumani, uliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, na kufikia 2013 ulikuwa umehamisha kompyuta zipatazo 15,000. Mwaka 2017 baraza lake likaamua kurejea Windows. Kwa upande mwingine, jimbo la Schleswig-Holstein katika nchi hiyo hiyo lilitangaza mwaka 2024 kwamba kompyuta 30,000 za serikali yake zitahamia LibreOffice. Kwa hivyo tusidhani kwamba jambo hili huendeka lenyewe. Huendeka pale viongozi wanapolishika, na huvunjika pale wanapolegea au kubadili nia.

Wako pia watakaotukumbusha kwamba kampuni kubwa huvipa vyama visivyo vya faida leseni kwa bei nafuu, na pengine bure. Ni kweli, na haitakuwa vibaya kuomba. Ila masharti ya msaada hushikwa na mtoaji. Aweza kuyabadili apendapo, na chama cha wakulima wanaouza mazao yao huenda kisihesabiwe katika fungu hilo.

Ama rai ya kutumia programu za kunakiliwa, sisi twaipinga waziwazi. Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ya mwaka 2003 hulinda kazi za watunzi, na chama chenye katiba, muhuri na akaunti ya benki hakiwezi kusema hakikujua. Mbali na sheria, kuna madhara ambayo wanachama wameyaona wenyewe. Wengi wenu mnakumbuka msimu ule ambapo mashine iliyonunuliwa katika duka moja, ambalo hatulitaji jina, ilitudai namba ya leseni katikati ya malipo. Programu iliyokuwamo haikuwa halali. Wachumaji walisimama mlangoni siku mbili wakingojea hesabu zao, na lau si daftari la karatasi alilokuwa nalo karani wa mizani, pishi za watu zingepotea. Mama mmoja alikuwa na mtoto wa kupelekwa hospitali, na fedha zake zilikuwa ndani ya faili lisilofunguka. Alikopa kwa jirani.

Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo hili. Kilo zilizoandikwa ndani ya mashine ni jasho la mtu aliyepanda mkarafuu, na ni amana mikononi mwa ofisi. Amana haihifadhiwi katika sanduku ambalo ufunguo wake anao mtu mwingine. Namna ya kuhifadhi faili ya LibreOffice, iitwayo ODF, ni kanuni iliyo wazi, nayo imekubaliwa kuwa kipimo cha kimataifa tangu 2006. Maana yake ni kwamba hata programu hii ikifa, nyingine yoyote yaweza kuandikwa isome daftari lile. Mjukuu wa mwanachama akitaka kujua babu yake alileta kilo ngapi msimu huu, pasiwe na kampuni ya kumzuia.

Kwa hayo yote, twapendekeza hatua zifuatazo, na Mkutano Mkuu ndio utakaokata shauri.

Kwanza, LibreOffice iwekwe sasa katika kompyuta zote tatu, juu ya Windows iliyopo, na makarani waizoee katika miezi isiyo na mavuno. Faili za zamani zisifutwe. Zihifadhiwe kama zilivyo, na nakala zake zifunguliwe na kusahihishwa moja baada ya moja.

Pili, Linux Mint ijaribiwe katika mashine moja kuukuu. Fundi aliyetuonyesha huko Tukuyu huiweka katika flashi, akawashia kompyuta kwa flashi hiyo bila ya kugusa kilichomo ndani. Ikikubali mashine ya kupiga chapa na intaneti, ndipo iwekwe. Ikikataa, flashi huchomolewa na hapana kilichoharibika.

Tatu, makarani wawili wafundishwe, wala si mmoja, na maelezo yaandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa ukutani. Chama kinachomtegemea mtu mmoja kina tatizo ambalo programu yoyote haitaliponya.

Nne, kila Ijumaa jioni faili zote zinakiliwe katika flashi mbili, moja ikae ofisini na ya pili kwa Bwana Mweka Hazina. Hivi ndivyo wafanyavyo wenzetu wa Rungwe. Na daftari la karatasi la mizani liendelee kama kawaida.

Tano, mkaguzi wa hesabu zetu aulizwe mapema ni faili za namna gani atakazozipokea, tusije tukagombana naye mwisho wa mwaka.

Mashine moja mpya huenda ikahitajika hata hivyo, kwa kuwa kompyuta huchakaa kama mizani ichakaavyo. Lakini kununua mashine moja si sawa na kununua tatu pamoja na leseni zake, na kitakachobaki chaweza kutumika kwa majamvi na kwa miche.

Wanachama wenye suali, au wenye mtoto aliyesoma mambo haya na aliye tayari kusaidia, wafike ofisini siku yoyote ya kazi kabla ya mkutano. Tumeiweka LibreOffice katika kompyuta iliyo karibu na dirisha, na orodha ya msimu uliopita imo ndani yake. Njooni kila mmoja atazame mstari wake, na akiona kilo zake zina kasoro atuambie sasa, kabla hatujahamisha chochote.

Katibu wa Chama